Mtungi Ulioanikwa Kama Ndagala

Naapa kwa mvi zangu zote, na si chache, kwamba maneno haya ni kweli tupu. Sijaongeza hata chumvi ya kutosha yai moja. Atakayebisha aje nyumbani kwangu, nyuma ya stesheni ya Kalemie, nitaapa tena mbele yake, nimesimama.

Miaka ile nchi ikiitwa Zaire, aliishi hapa msichana wa miaka kumi na miwili jina lake Adrienne. Kwenye daftari la shule aliandikwa Ngoie, kwa sababu majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Kila asubuhi alimsaidia mama yake, Mama Clémence, kutandaza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga wa ufukwe. Jua likipanda aliwageuza kwa ufagio, akanawa miguu, akavaa sare, akaenda shule. Alasiri alikwenda kwa mjomba wake, Papa Kalenga, mkerezaji wa vyombo vya mti.

Baba yake, Papa Germain, alikuwa fundi kule Bendera, penye mitambo ya umeme. Alikufa kwa homa mwezi wa kumi na moja. Tangu siku ile Adrienne hakulia. Si kwamba alijizuia. Kilio hakikuja tu. Alikula, alifagia, alijibu alipoulizwa. Siku moja aliungua kwa sufuria, akautazama mkono wake kama anautazama mkono wa jirani.

"Mutoto huyu roho yake ni jiwe," walisema wanawake matangani. Adrienne aliwasikia. Hata hilo halikumuuma.

Kabla ya kufa, Papa Germain alikuwa ameleta nundu ya mti wa mulombwa, ule ambao wenzetu wa Kigoma huuita mninga. Nundu ni uvimbe unaoota kwenye shina. Ndani yake nyuzi za mti haziendi moja kwa moja. Zinajikunja na kuzunguka, na fundi akizikereza yanatokea macho na mawimbi ambayo hakuna mchoraji anayeweza kuyachora. Nundu ile ilikuwa kubwa hivi kwamba lori liliinama upande mmoja kutoka Bendera mpaka Kalemie, na mbuzi waliopakiwa humo walihamia upande wa pili wenyewe, bila kuambiwa, ili kulisawazisha.

Papa Kalenga aliikereza ikawa mtungi wa mviringo wenye mdomo mdogo. Mashine yake aliiunda mwenyewe. Adrienne alikalia baiskeli isiyo na matairi, akapiga pedali, na mkanda wa ngozi ukauzungusha mti. Papa Kalenga aliinama, uso karibu na mti, akachimba tumbo la mtungi kwa chuma chenye ncha iliyopinda. Jicho lake moja lilikuwa limekufa. Ujanani mti ulipasuka ukizunguka, na kipande kikamrukia usoni.

"Tutauweka mezani siku ya kumaliza matanga," alisema. "Watu waone Germain alituachia nini. Lakini mti mubichi hauna haraka. Kuta ninaziacha nene, tunaufukia kwenye gunia la takataka zake wenyewe, unakauka polepole. Miezi sita. Kisha tunaumaliza."

Adrienne aliitikia. Aliufukia kwenye gunia la maranda, akafunga kamba.

Mwezi wa tano Papa Kalenga alipanda treni kwenda Kabalo kutafuta miti. Siku ya kumaliza matanga ilikuwa imebaki majuma manne. Adrienne alifungua gunia, akautia mkono mtungi tumboni. Ulikuwa bado na ubaridi, kama shavu la mtu aliyetoka kuoga. Akawaza kwamba hautakauka kwa wakati, na meza ya baba itakuwa tupu.

Sasa, mtoto wa Kalemie akitaka kitu kikauke anafanya nini? Ndagala wanatoka ziwani wamelowa chapachapa; unawatandaza mchangani, unawageuza jua likipanda, jioni wanalia kakaka mkononi. Adrienne alikuwa amefanya hivyo tangu aanze kutembea. Akaubeba mtungi mpaka ufukweni, akauweka katikati ya ndagala, na jua lilipopanda akaugeuza. Siku ya pili akaugeuza tena.

Alasiri ya siku ile ya pili alisikia mlio, tak, kama mtu avunjaye ukuni. Ufa ulikuwa umetoka mdomoni mwa mtungi ukashuka hadi begani, mrefu kama kiganja cha mtu mzima.

Rafiki yake Viviane, aliyekuwa akifukuza kunguru karibu pale, alikuja kutazama.

"Ee, Adrienne. Papa Kalenga atakukereza wewe."

"Atanikereza."

"Na hulii?"

"Silii."

"Wewe muntu wa ajabu kweli. Sikiliza, kaka yangu anatengeneza viti. Kiti kikipasuka anachanganya gundi na unga wa mbao, anaziba, anapaka nta. Mununuzi haoni kitu."

Adrienne alifanya hivyohivyo. Aliziba, akasugua, akapaka nta mpaka kidole kikipita juu ya ufa kiliteleza. Akaurudisha mtungi ndani ya gunia. Hakuona furaha wala hofu. Usiku alilala kama kawaida.

Papa Kalenga alirudi baada ya juma moja. Aliutoa mtungi, akaupima uzito mkononi, akakunja uso kidogo.

"Umekauka haraka. Mwaka huu jua ni kali." Akaufunga kwenye mashine. "Haya, binti. Piga pedali. Leo tunazipunguza kuta."

Adrienne akapanda baiskeli. Mkanda ukalia, mtungi ukaanza kuzunguka, kwanza polepole, kisha yale macho ya mti yakachanganyika yakawa rangi moja. Papa Kalenga akainama na chuma chake. Jicho zima likasogea karibu, karibu zaidi, kwa sababu kazi ya ndani haionekani na yeye hupenda kuisikiliza.

Adrienne aliutazama uso wa mjomba. Aliuona ufa bila kuuona. Alijua ulipo. Mdomo wake haukufunguka. Ulikuwa mzito, kama umepigwa ganzi na daktari wa meno. Lakini miguu ilisimama. Hakuiamuru. Ilisimama tu, na mtungi ukapungua mwendo mpaka ukatulia.

"Mbona? Umechoka?"

"Hapana, Mujomba."

"Basi endesha."

"Siendeshi. Umepasuka."

Papa Kalenga alirudi nyuma hatua moja. Akaugeuza mtungi huku na huku, asione kitu. Ilibidi Adrienne amshike kidole na kukiweka penyewe.

"Umeficha vizuri," alisema mjomba kwa sauti ndogo. "Vizuri sana. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Uliukausha wapi?"

"Mchangani. Na ndagala."

Papa Kalenga alikaa kwenye gogo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Adrienne hakujua kama analia au anacheka.

"Na ndagala," alisema mjomba. "Mama yako angetuuliza kama tunauchemsha au tunaukaanga." Akapangusa jicho zima, na lile lililokufa pia. "Sasa nenda kamwite."

Mama Clémence alikuja na sindano nene, ile anayoshonea vibuyu vilivyopasuka. Hakumgombeza mtu. Waliikwangua gundi yote, Papa Kalenga akatoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, na Adrienne akapitisha waya wa shaba, tundu kwa tundu, kama mama alivyomwelekeza. Mtungi ulioshonwa haukuweza tena kurudi kwenye mashine. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono: nje kwa kipande cha chupa, ndani kwa majani ya msasa yaliyofungwa kwenye kijiti. Kila siku baada ya shule, majuma matatu.

Siku ya tatu ya kushona, waya ulimchoma Adrienne chini ya ukucha.

"Inauma," alisema. Akakitazama kidole. "Mama, inauma." Na pale, juu ya goti la mama yake, machozi ya tangu mwezi wa kumi na moja yakatoka yote. Hakuna aliyemnyamazisha.

Siku ya kumaliza matanga mtungi ulikaa mezani, mshono wake wa shaba ukielekea watu. Shangazi mmoja alitaka kuugeuza, mshono utazame ukuta. Papa Kalenga akamzuia, kisha akamwambia Adrienne:

"Kupasuka si aibu, binti. Mimi mwenyewe nimepasua mitungi mingi kuliko niliyoimaliza. Uliharakisha, ukakosea, hilo tumelitengeneza kwa sindano na majuma matatu ya jasho. Lakini ule ufa uliouziba na nta, kama ungenyamaza, leo ningekuwa sikuoni. Ukiharibu kitu, kiseme mapema, wakati bado kinashoneka."

"Ndiyo, Mujomba."

Na watu walivyoushangilia mtungi ule! Meli tatu zilivuka kutoka Kigoma zikiwa zimejaa watu waliotaka kuutazama tu, na nahodha mmoja akalia.

Hapo ndipo nilipofika nilipokuwa nikimsomea maandishi haya Adrienne mwenyewe, ambaye leo ni mama mzima na ndiye mkerezaji mkubwa wa mtaa wetu. Alizima mashine yake.

"Meli ngapi, Papa Michel?"

"Tatu."

"Papa Michel."

"Moja."

"Ilikuja kutazama mtungi?"

"Ilikuja kuchukua ndagala," nikasema. "Ilikuwa inapita."

"Na nahodha?"

"Alikuwa na mafua."

Hakunigombeza. Alinipa kijiti chenye msasa na kunionyesha mitungi mitano inayongoja kusuguliwa ndani, hapo pasipoonekana, akasema atapima kila mmoja kwa kidole. Nimemaliza minne. Wa kwanza amenirudishia.