Chupa za Ndaya

Kalenga alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku kule mgodini Mashamba, akajilaza, na upande wa marehemu mkewe ulikuwa na joto. Akajiambia ni jua. Dirisha lenyewe liko upande wa pili, lakini mfiwa hujidanganya kwa lolote.

Ndaya alikuwa na miezi mitatu kaburini, kwa kansa ya mlango wa kizazi. Mtoto wao Tshiela, wa mwaka mmoja, alianza kukonda. Alikataa uji, na bado mdomo wake ulinuka maziwa yaliyochacha.

"Ni nani iko anamunyonyesha?" Kalenga alimnong'oneza Odile, mdogo wa marehemu. "Mu nyumba hamuna bibi."

Odile akamfuta mtoto mdomo. Alifanya kazi katika labo, maabara ya hospitali. Pale aliitwa Kabongo tu, maana serikali ilishakataza majina ya Kikristo. Odile lilibaki la nyumbani. Ndaya alipokuwa bado hai, daktari alikata kipande cha uvimbe wake, akakitia chupani, na seli zake zikakubali kukua ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Aliyezilisha ni Odile. Alijua ni za nani, na tusifichane, alizipenda. Kila asubuhi alizisalimia kama alivyomsalimia dada yake mkubwa, "Jambo, yaya."

Mama Tshilombo, mganga, alimpakata mtoto mbele ya Kalenga na Odile, akamnusa utosi.

"Mufu hakuzikwa yote," alisema. "Kuko mutu iko anamulisha. Aache, ao mutoto ataenda naye."

Jumapili, watu wakiwa misani, Odile alifungua kabati, na harufu ile ya maziwa ikamjaa puani, akamimina maji ya javel, yale makali ya kuua vijidudu, katika chupa ya kwanza, na ya pili, huku pumzi ya mtu ikimgusa shingoni na sauti ya dada yake ikimwita kwa jina ambalo hakuna aliyelijua pale, "Odile, mi niko na njaa," naye analia, anaomba msamaha, anamimina, mpaka chupa ya mwisho ikanyamaza.

Jumatatu Tshiela alimaliza uji wote. Kalenga alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Odile akaenda kuungama kwa daktari, akitegemea kufukuzwa. Mzee yule akamshika bega.

"Si kitu, mama. Nilishatuma chupa nyingine Lubumbashi, Kinshasa, mpaka Ubelgiji. Zinakua vizuri kuliko hapa."

"Nani anazilisha?"

"Watu wengi, kila siku," daktari alisema kwa upole. "Usiogope. Hawatamwacha afe."