Kadi Isiyo na Jina

Barua ya ushirika ilisema wanachama ni elfu mbili mia nne na kumi na sita, lakini printa ilitoa kadi moja zaidi. Zita alizihesabu mara mbili, akayalaumu macho yake, kisha akazipanga sakafuni mafungu ya hamsini hamsini na kuzihesabu mara ya tatu. Ile ya ziada ilikuwa ya mwisho kabisa. Ilikuwa na namba, ilikuwa na kijiji, Kipili kule ziwani, ila mahali pa jina palikuwa peupe.

"Na wewe umeanza kuchoka," aliiambia kompyuta. Aliisemesha kompyuta kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumsemesha.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, Juni, upepo wa Sumbawanga ukipuliza baridi mpaka kwenye mifupa. Bwana Modesti, aliyekuwa karani wa serikali hadi alipopunguzwa kazini, alikuwa amefungua uchapaji wake karibu na soko. Alinunua printa kubwa ya mtumba na programu ya kuchapa maelfu ya kadi kwa mkupuo mmoja. Ushirika wa wakulima ukamletea kazi ya kadi mpya za wanachama wote, wa huku juu na wa kule ziwani. Shida ni kwamba orodha ilikuja kwenye disketi za kompyuta ya zamani, na programu mpya haikuielewa hata kidogo. Hapo ndipo akaletwa Zita, aliyesomea mambo hayo Mbeya. Kazi yake ilikuwa kuigeuza ile orodha, aifundishe programu kwamba safu hii ni jina, hii ni kijiji, hii ni mwaka wa kuzaliwa, na herufi hii iliyoharibika isomeke hivi.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma, madirisha yamezibwa vumbi lisiingie, mlango unafungwa kutwa. Huko mbele wasichana wawili walikunja kadi za harusi wakicheka, na kicheko kilimfikia Zita kikiwa kimeshachakaa. Walimwita dada kompyuta. Bwana Modesti alimwita fundi. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga mtaa wa Malangali, akasonga ugali wa mtu mmoja, na waliowahi kuusonga wanajua kwamba ugali huo hauna ladha hata ukiwa na nyama.

Alikuwa na mtoto, Edith, wa miaka sita. Baba wa mtoto alipofariki, Zita alimwacha Edith kwa mama yake mzazi, mama Luciana, kule Chala, maana chumba cha Malangali kilikuwa cha kitanda kimoja na baba mwenye nyumba hakutaka watoto. Ndiyo maana neno la bwana Modesti lilimkaa moyoni kuliko sala. "Fundi, gari la ushirika likija Ijumaa likakuta kadi tayari, nakuajiri moja kwa moja. Na vile vyumba viwili vya uani ni vyako." Vyumba viwili, maana yake Edith.

Basi Zita aliufuta ule mstari wa Kipili, akaanza upya. Ukarudi. Akaufuta kwenye disketi yenyewe. Ukarudi, na safari hii chumba kikanuka tope la ziwa na dagaa mbichi, ilhali ziwa liko mbali kule chini, safari ya kutwa nzima. Alifungua mlango akawauliza wasichana kama wamenunua dagaa. Walitazamana, wakacheka.

Alhamisi mchana programu ikagoma kabisa. Ilifika kwenye mstari ule, ikasimama, ikadai jina, ikakataa kuchapa hata kadi moja ya orodha nzima mpaka ilipate. Zita alifanya wanachofanya makarani wote wakikutana na nafasi tupu wakiwa na haraka. Aliijaza ili mashine ipite, akisema moyoni kwamba jina ataliondoa baadaye. Vidole vyake havikutafuta jina. Viliandika Edith.

Printa ikanguruma, ikazitoa zote bila kukwama. Ile ya mwisho aliificha kwenye droo. Ijumaa gari likachukua kadi, bwana Modesti akampa mkono na funguo za vyumba vya uani. Zita alikaa peke yake chumba cha mashine akalia kwa furaha, na hakuna aliyemsikia.

"Mama."

Sauti ilitoka nyuma ya printa, ndogo, yenye mafua, ya Edith kabisa. Kuna jambo kila mtoto wa huku Ufipa hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Zita alilijua. Lakini upweke ni uvundo, na miezi minne ya uvundo humlegeza mtu.

"Bee, mwanangu," aliitika.

"Niite, mama."

"Edith."

"Niite tena."

Alimwita. Wiki nzima alimwita, safari ya kwenda kumchukua Edith Chala ikingoja, asubuhi akiwasha mashine na mchana akila chapati aliyoigawa vipande viwili, na kila alipoita sauti ilisogea, kutoka nyuma ya printa ikaja chini ya meza, kutoka chini ya meza ikaja begani. Siku ya saba aliona alama za vidole vidogo vyenye maji kwenye vitufe vya kompyuta, akasikia pumzi baridi inayonuka dagaa ikimpita sikioni, akataka kusimama akimbilie mbele kwa wasichana, lakini kitu kikamshika pindo la sweta kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni, na badala ya kumchukia, Zita alimwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha kuliko vidole.

Jumamosi asubuhi mama Luciana akashuka kwenye lori la Chala mbele ya uchapaji, amembeba mjukuu mgongoni.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Mwangalie mwenyewe mwanao. Leo siku ya nane. Ukimwita haitiki. Hali chakula, hachezi, yu baridi hivi ukimgusa."

Zita alipiga magoti. "Edith. Edith, mama huyu hapa."

Mtoto alimtazama bila hasira wala furaha. "Edith siyo mimi," alisema taratibu. "Edith yuko Sumbawanga kwa mama."

Mzee Masalu, mlinzi wa pale, alikuwa ameketi langoni na sime yake. Alikuwa Msukuma aliyekuja na ng'ombe zamani, baba yake akiwa mganga, na yeye aliiacha kazi hiyo kwa kuichoka. Aliyasikia yote. Alimwita Zita pembeni, akamnusa mikono.

"Umempa kitu jina," alinong'ona.

Zita akamweleza mambo ya mstari.

"Wanachama wa Kipili waliandikishwa ufukweni, kwa foleni," mzee alisema. "Foleni haimkatai mtu. Jini akisimama nyuma ya mtu, karani aliyechoka atampa namba. Jina hakupewa kwa kuwa hana. Sasa wewe umempa, na jina likishatolewa halirudishwi bure. Utabadilisha."

"Nibadilishe na nini?"

"Na jina jingine, la mtu anayelitoa kwa hiari yake. Fikiri kwanza, mwanangu. Sijui hesabu ya mbele ikoje. Ninachojua, mwenye jina ndiye anayeitwa."

Zita hakuhitaji kufikiri. Jina lake lilikuwa na kazi gani mjini hapa? Nani aliliita? Dada kompyuta, fundi, mama Edith. Hilo Zita lilikaa tu kama sufuria isiyopikiwa. Aliingia chumba cha mashine, akafunga mlango. Kwenye mstari wa Kipili alifuta Edith, akaandika Zita, akaichapa kadi. Ile ya zamani, ya kwenye droo, alimpitishia mzee Masalu mlangoni, naye akaichoma uani, ikatoa moshi mweupe unaonuka samaki.

"Edith!" mama Luciana aliita huko nje kwa kujaribu.

"Abee, bibi! Nina njaa."

Zita aliegemea ukuta akamshukuru Mungu. Alisikia mwanawe akila andazi, akilalamika halina sukari. Kisha lori likapiga honi, na mama yake akaita kwa sauti ya furaha.

"Zita! Basi twende wote Chala ukapumzike siku mbili tatu. Zita!"

Alifungua mdomo aitike. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi ilikuwepo, ila hakuna kilichotoka, kwa kuwa hakuwa yeye anayeitwa.

"Abee, mama," mtu alisema nyuma ya printa.

Alimpita karibu, amevaa sweta kama lake, ana mwendo wake na kovu lake la kidole, na sakafu pale alipokanyaga ikabaki na maji. Zita alimfuata hadi mlangoni. Alimwona akimshika Edith mkono. Alimwona mama Luciana akimfuta vumbi begani. Mzee Masalu alifungua lango, akasema, "Safari njema, mama Edith," akamtazama huyo mwenye sweta, halafu akamtazama huyu wa mlangoni kama mteja aliyekuja siku isiyo ya kazi.

Zita alikimbia, akawafikia kwenye lori, akamshika mtoto bega. Edith aligeuka. Bega lilikuwa na joto, mashavu yamerudiwa na rangi, na punje ya andazi ilikuwa imebaki mdomoni. Alimtazama yule mama asiyemjua, akakumbuka adabu aliyofundishwa na bibi yake.

"Shikamoo," alisema.

Safari hii jibu lilimtoka Zita bila shida, kwa maana ni jibu ambalo mtu yeyote humpa mtoto yeyote.

"Marahaba, mwanangu."