Maneno ya Mjomba Barre

Idil alipotoka shuleni alinawa uso, akala anjera iliyobaki asubuhi, kisha akaketi mbele ya redio ya shangazi yake, Eeddo Kaaha, katika chumba kilichokuwa nyuma ya soko la Garissa. Mchana kutwa redio hiyo haikuzimwa. Ilinyonya betri ya lori, ikingoja mtu aite.

Ulikuwa mwaka wa 1996, na mvua ilikuwa imetunyima. Simu tuliahidiwa tangu bendera ipandishwe, na sura za waliotuahidi tunazikumbuka. Simu hizo hazikufika Tarbaj wala Kotile. Watu walisemezana kwa redio, na kwa kuwa Tarbaj, kaskazini, haikusikika Kotile, kusini, kila neno lilipitia Garissa. Idil alilisikia upande mmoja, akalirudia upande wa pili.

"Usiongeze, usipunguze," Eeddo Kaaha alizoea kumwambia. "Ukipewa tusi, peleka tusi."

Siku hiyo aliyeita kutoka Tarbaj alikuwa Hinda, mama yake Idil. Hawakuwa wameonana tangu Idil aletwe Garissa kusoma.

"Muulize mjomba wako Barre kama Kotile kuna majani," mama alisema. "Yakiwepo, nashuka na ngamia leo hii, nipite hapo nikuone. La sivyo, naelekea mpakani, Ethiopia. Ova."

Idil aliita Kotile. Mjomba Barre akajibu kwa kelele: "Majani yapo, lakini mbung'o wamejaa! Ngamia wangu wanakufa. Mwambie asithubutu! Ova."

 Idil akaita Tarbaj tena.

"Hooyo, anasema majani yapo. Ova."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Alhamdulillahi! Angeniambia mwingine ningeuliza mara mbili. Nakuja, mwanangu."

Idil alifagia chumba, akatandika mkeka. Aliwaza vidole vya mama vikimsuka nywele, na harufu ya moshi wa ubani katika shuka yake. Kisha akamkumbuka ngamia wa mama ambaye maziwa yake yalimlea. Akamwona akilini amelala Kotile, mbung'o wakimzunguka macho. Ufagio ukamponyoka.

"Mbona umeduwaa kama mwizi wa sukari?" Eeddo Kaaha aliuliza akiingia.

Idil akalia, akasema yote.

"Mbung'o!" Shangazi alijipiga paja. "Umemwita mama yako aje kuzika mali yake! Shika maiki. Mimi sikusemei."

Yarrow, mwenye redio ya Tarbaj, alijibu kwamba Hinda alikuwa kisimani akifunga mizigo. Akamtuma mtu mbio. Idil alingoja, redio ikichemka kama mafuta karaini, mpaka sauti ya mama ikaja. Safari hii alitoa maneno yote ya mjomba, moja baada ya jingine.



"Basi naenda mpakani," mama alisema. "Sitapita hapo. Mpaka mvua, inshallah."

Eeddo Kaaha alimshika Idil bega. "Wakubwa wa serikali wametuua miaka mingi kwa nusu ya habari, na kila nusu ilikuwa kweli. Usijifunze kwao. Ukificha nusu, umedanganya. Anayekuamini amekukabidhi maisha yake." Kisha akalainika. "Ya mjomba umeyafikisha. Sasa sema yako."

Idil akabonyeza kitufe. "Hooyo, nilitaka uje. Nilitaka tu uje. Ova."



"Hata mimi, mwanangu," mama alisema. "Nilikuwa nimeshapakia. Ova."