Dubu Aliyekuja Bila Ngoma

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari Zamfira alipokatiza kwenda kwa jirani yake Saveta kuomba mafuta ya bata bukini. Kopo la nyumbani lilikuwa limekauka, na mgongo wa mumewe Pamfil ulikuwa haujakandwa tangu asubuhi. Theluji ya juzi ilikuwa imeshakuwa ngumu, ikilia chini ya viatu. Huko chini bondeni zilisikika ngoma. Mwaka ulikuwa unaisha, na wanaume wa bonde la Trotuș walikuwa wameshatoa ngozi za dubu kwenye masanduku, wamejivika, na sasa walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakicheza.

Saveta alimpa mafuta kwenye chupa ya jamu, akamlazimisha kuonja keki ya sikukuu, kisha akashindwa kuendelea kuificha habari iliyokuwa inamwasha mdomoni.

"Nimeongea na Nechita, yule anayeongoza dubu mwaka huu. Jioni hii hii anapanda kwenu. Dubu wake atamkanyaga Pamfil mgongo, apone."

Zamfira alitabasamu. Aliirudisha keki sahanini.

"Mama Saveta, mbona mimi namkanda kila siku?"

"Unamkanda, mwanangu, nani asiyejua? Ila majani yamepukutika, theluji imeanguka, na mwanaume bado yuko chini. Mwache na dubu ajaribu bahati yake. Au unamwonea wivu dubu?"

Wote wawili walicheka. Zamfira alicheka kidogo kuliko mwenzake, akaaga, akatoka na chupa yake kifuani.

Ni kweli kwamba kijiji kizima kiliisifu mikono yake. Zamfira alikuwa mkandaji kwenye nyumba ya tiba ya maji ya chumvi huko mjini. Wazee waliotoka Bukaresti kwa treni walikuwa wanagombana nani aingie kwake kwanza. Alijua kuchua kwa kuburuta viganja taratibu, kutoka kisogoni hadi visiginoni. Alijua kuumika kwa bilauri za moto. Alijua hata kukanda kwa asali, ile ya kubandika viganja mgongoni na kuvibandua kwa ghafla mpaka ngozi iwe nyekundu na mgonjwa atukane kwa raha.

Na mtu anayejua kuufungua msuli anajua pia kuufunga. Kila jioni, tangu Pamfil alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa magogo, Zamfira alikuwa anaufunga mgongo wa mumewe.

Alikuwa anaanza vizuri. Mafuta ya moto, viganja vipana, mpaka Pamfil aachie pumzi kama mtoto aliyeshiba. Kisha kiwiko kilishuka taratibu hadi kwenye kile kishimo kilicho juu ya tako, pembeni ya uti wa mgongo, pale unapopita mshipa mkuu wa mguu. Hapo alikandamiza. Alikandamiza na kuzungusha, huku akimbembeleza kwa sauti ya huruma, mpaka mguu ukafa ganzi na msuli ukajikunja kama ngumi. Daktari alikuwa amesema kabla majani hayajaisha mitini Pamfil atakuwa anatembea. Daktari hakujua anashindana na nani.

Anayetaka kumlaani Zamfira aangalie kwanza mkono wa kushoto wa mwanamke huyu. Kidole chake kidogo hakikunjiki. Pamfil aliubana mkono ule mlangoni kwa makusudi, kwa sababu ya supu iliyopoa, akaegemea mlango mpaka mfupa ulipolia. Miezi mingi Zamfira hakuweza kumkanda mtu. Na usiku wa kuamkia kuanguka kwake, Pamfil alikuwa amemwahidi kwa utulivu kabisa kwamba akirudi kutoka msituni atauvunja na wa kulia. Alirudi amebebwa kwenye blanketi. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na amani, na Zamfira alikuwa anaimba akiosha vyombo. Furaha yake ilikuwa mbaya, aliijua kuwa mbaya, na hakuwa tayari kuitoa.

Dubu anaweza kumnyanyua mumewe. Zamfira aliamini hivyo, pamoja na masomo yake yote ya mjini. Alikuwa ameona kwa macho yake vizee vikikanyagwa na kuondoka bila fimbo. Pamfil akisimama, ahadi yake iko pale pale.

Kufunga geti? Haiwezekani. Kwenye bonde lile, anayemfungia dubu geti mwisho wa mwaka anaita kifo nyumbani kwake, na majirani wangelisema jambo hilo mpaka msimu wa kukata nyasi. Alitembea haraka. Ngoma zilikuwa bado mbali.

Kisha akasimama.

Dubu alikuwa ameshafika.

Alikuwa amesimama kwa miguu miwili mbele ya geti, vishada vyekundu mabegani, mnyororo ukining'inia shingoni hadi kwenye theluji. Hapakuwa na mpiga ngoma. Hapakuwa na kiongozi wa kuushika mnyororo.

Mgeni angepiga mayowe. Zamfira alikuwa mwenyeji, na siku zile dubu mlangoni ni jirani aliyevaa ngozi, basi. Alidhani ni Grigore, kijana mmoja wa Nechita anayependa kutangulia wenzake ili awahi kinywaji.

"Umewatoroka wenzako, Grigore?" alinong'ona.

Upepo ulitikisa vishada vyekundu.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilimfurahisha. Nyumba moja haipokei dubu wawili jioni moja. Hilo linajulikana. Na dubu asiye na kiongozi hawezi kukanyaga sawasawa, kwa kuwa ni mshika mnyororo anayemwambia akanyage wapi na ashuke lini. Huyu angemgusa Pamfil juu juu, angekunywa, angeondoka. Nechita akija, ataambiwa dubu ameshapita. Nani atambishia?

"Ingia," alisema. "Mkanyage kidogo tu, ashukuru, kisha uende. Kuna chupa ya pombe ya plamu, yote yako."

Dubu aligeuka na kumfuata. Mnyororo ulikwaruza theluji... kraa... kraa... Upepo ulimletea Zamfira harufu yake. Manyoya ya zamani. Shahamu. Na kitu kingine chini yake, harufu ya ngozi iliyochomwa na chuma cha moto.

Ilikuwa baridi kali, na pumzi ya Zamfira ilikuwa inafuka mbele yake. Mdomo wa dubu haukufuka kitu.

Aliliona hilo. Alikuwa ameshafungua mlango.

Pamfil alikuwa amelala kwenye godoro karibu na jiko la kuni. Alipomwona mgeni alicheka, akauliza ni nani huyo aliyenenepa hivyo, kama ni Grigore au mkwe wa Nechita. Hakujibiwa. Hilo halikumsumbua, maana dubu hazungumzi. Alijivuta hadi kwenye zulia kwa viwiko, akilaani kila alipojongea, akalala kifudifudi na kupandisha shati.

"Haya, Martin," alisema, kwani dubu wote wa kuongozwa huitwa hivyo. "Fanya kazi yako."

Dubu alipanda.

Mbao za sakafu zililia. Zamfira alijua uzito wa watu, maisha yake yote alikuwa anaupima kwa viganja, na huo haukuwa uzito wa Grigore. Wanaume wawili hawafikii uzito ule. Mbavu za Pamfil zingepasuka. Lakini hazikupasuka, kwa sababu dubu alijua. Alitanguliza kisigino, kisha akaubingirisha mguu hadi vidoleni, polepole, akipanda kwa msuli wa kulia na kushuka kwa wa kushoto bila kuugusa mfupa hata mara moja. Zamfira hakuwahi kuona ukandaji mzuri kama ule. Kwa kitambo alisahau hofu, akaangalia kwa wivu wa fundi.

Kisha aliona nyayo. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, hazina mikunjo. Nyayo zilizoungua, zikapona, zikaungua tena.

Dubu alifika kiunoni. Akashuka kidogo. Akausogeza mguu hadi kwenye kile kishimo juu ya tako.

Akasimama pale.

Akageuza kichwa, akamtazama Zamfira.

Wanaume wanaovaa ngozi huonekana uso mdomoni mwa dubu, kati ya meno. Zamfira alitafuta uso. Alitafuta macho ya Grigore, ndevu, pua, chochote cha jirani.

Mdomoni hamkuwa na mtu.

Mguu ulikandamiza. Mgongo wa Pamfil ulilia *kop*, na Pamfil akatoa sauti ambayo Zamfira hakuwahi kuisikia kwake, kilio cha nafuu. Vidole vya mguu wake uliokufa vilichezacheza juu ya zulia. Alikuwa analia na kucheka. Dubu alishuka bila kuambiwa, akasimama kando, akisubiri.

Pamfil alinyanyuka kwa magoti. Kisha kwa mguu mmoja. Kisha akasimama wima katikati ya chumba, mrefu kama alivyokuwa, kichwa kikikaribia boriti. Zamfira alisogea nyuma hadi ukutani.

Pamfil aliuokota mnyororo kwa mazoea, kama mtu anayeokota kofia yake. Akaupapasa pete moja moja. Ghafla vidole vilikoma.

"Huu ni wa babu," alinong'ona.

Babu yake alikuwa kiongozi wa dubu, tena wa dubu wa kweli. Wazee walikuwa bado wanasimulia jinsi alivyomsimamisha mnyama juu ya bati la moto huku akipiga ngoma, mpaka ajue kunyanyua na kushusha miguu kwa kipimo. Halafu mwaka mmoja, kipindi kama hiki, babu aliingia kijijini peke yake. Alisema amemuuza kwa watu wa ng'ambo ya mlima. Hakuna aliyemwona mnunuzi.

"Alisema alikuuza," Pamfil alimwambia dubu, karibu kwa upole.

Kisha akamgeukia mkewe. Hakupaza sauti. Zamfira angependa apaze.

"Dubu aliposimama pale, nilipajua. Kila jioni niliuma blanketi kwa ajili ya pale. Ni kiwiko chako, Zamfira."

"Pamfil, baba, nisikilize..."

"Lala."

Zamfira alikimbilia mlango. Mlangoni palikuwa na manyoya. Hakumwona dubu akitembea, hakusikia mbao, lakini alikuwa pale, na ile harufu ya kuungua ilimjaa puani hadi machozi yakamtoka. Mkono wa mumewe ulimshika kisogoni, ukambonyeza hadi kwenye zulia. Zulia lilikuwa bado na joto la mwili wa Pamfil.

Mguu wa kwanza ulipanda mgongoni.

Hewa yote ilimtoka. Alisubiri uzito ubingirike, kisigino hadi vidole, kama ulivyofanya kwa mwenzake. Haukubingirika. Ulikaa. Kisha ukaja wa pili.

"Mwambie ashuke," alinong'ona, na kila neno lilimgharimu. "Mume wangu... neno moja tu... mwambie."

Mshika mnyororo ndiye anayesema *shuka*. Dubu hamsikii mwingine. Pamfil alivuta kigoda, akaketi, akazungusha mnyororo kwenye ngumi yake, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake na kuiangalia kwa furaha.

Ndipo ngoma zilipofika.

Zilipanda kilima, zikakaribia, zikajaa uani mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Filimbi. Vicheko. Viatu vya wanaume wengi kwenye theluji. Zamfira alifungua mdomo kuwaita. Mgongoni uzito uliongezeka kidogo, kidogo tu, na mdomo wake ukabaki wazi bila sauti.

"Wenye nyumba, hodi," Nechita aliita. "Mnapokea dubu?"

Pamfil alisimama, akaenda dirishani na mnyororo wake nyuma ya mgongo, akafungua kioo kimoja. Uani walishangilia. Pamfil amesimama. Pamfil yuko wima.

"Tumeshapokea, ndugu zangu," alisema. "Dubu amepita kabla yenu. Si mnaniona?"

"Dubu wa nani?" Nechita aliuliza. "Wangu wote ninao hapa."

"Wa nyumbani."

Nje palitokea kimya kifupi. Zamfira alining'inia kwenye kimya kile kwa roho yake yote. Ingia, Nechita. Uliza tena. Lakini watu walikuwa wamekunywa, baridi ilikuwa kali, na muujiza ulikuwa mbele yao dirishani ukiwapungia mkono. Mmoja alicheka, wengine wakafuata.

"Na mama yuko wapi, tumsalimie?"

"Amelala. Amenikanda miezi yote hii, sasa mgongo umemgeuka."

"Maskini. Mwache apumzike, mikono kama ile hatuna mwingine."

"Atapumzika," Pamfil alisema, akafunga kioo.

Ngoma ziligeuka. Zilivuka mtaro, zikapita kwa Saveta, zikateremka, na filimbi ikawa nyembamba hadi ikapotea. Ndani palibaki sauti ya kuni zikipasuka na ya mbao za sakafu. Zamfira alihesabu pumzi chache alizokuwa nazo. Alimwona mumewe akija, akichuchumaa bila shida, magoti yakikunjika kama ya kijana. Pamfil aliinamisha uso hadi karibu na sikio lake, na sauti aliyoitumia ilikuwa laini, ya subira, sauti ya mkandaji anayeijua kazi yake.

"Panauma hapa?"

Zamfira hakuweza kujibu.

"Basi bado hatujafika," Pamfil alisema, akauvuta mnyororo.