Mihuri ya Vyeti vya Pacha

Mama Pacha alikuwa fundi nguo. Chumba chake cha kazi kilitazama barabarani. Cherehani aliiweka dirishani ili apate mwanga. Chini ya meza ya kukatia vitambaa ndiko walikoishi pacha wake, wasichana wawili wa miaka sita. Huko waliandika kazi za shule, waligombana, na walipatana kabla mama hajamaliza kuwakemea.

Baba yao alikuwa fundi magari katika nchi ya mbali. Alipoondoka, pacha walikuwa bado wanatambaa. Walimjua kwa simu tu. Kila jioni walimgombania. Huyu anavuta simu huku, yule anaivuta kule, mpaka baba wa watu anabaki kuonekana pua.

Jioni moja alipiga akiwa na furaha tele.

"Mke wangu, nimepata kibali! Mje wote watatu. Cheti cha ndoa nilikuja nacho. Peleka ubalozini vyeti vya kuzaliwa vya watoto, basi."

Mama Pacha alipiga vigelegele, majirani wakachungulia. Vyeti alikuwa navyo. Tena alikuwa amevitunza vizuri. Alivipeleka zamani kufunikwa plastiki, visilowe wala kuchanika.

Asubuhi alivaa gauni lake zuri akaenda ubalozini. Ofisa wa dirishani alivigeuza vyeti, akatikisa kichwa.

"Mama, hivi havijathibitishwa."

"Muhuri si huo hapo, baba?"

"Huo ni wa ofisi ya usajili. Lazima serikali yako ithibitishe kwanza kwamba ni wa kweli. Halafu, juu ya plastiki hii hakuna atakayegonga muhuri."

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alimkuta amekaa mbele ya cherehani bila kushona.

"Shemeji, usijipe presha," alisema. "Kuna jamaa namfahamu, ana mihuri yote. Mpe vyeti leo, kesho unavipata vimegongwa."

"Mihuri ya serikali anayo yeye? Anaiweka wapi?"

"Kwenye begi. Ndiyo mambo ya mjini hayo!"

Mama Pacha hakuipenda habari ya begi. Lakini aliwatazama watoto wake, moyo ukalegea. Akavitia vyeti kwenye bahasha.

"Haya, mwite," alisema.

Shemeji alikuwa bado anabonyeza simu yake, mteja akabisha hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke wanayemwita Wakili kwa sababu ndiyo kazi yake. Alikuja kujaribu joho lake jipya la mahakamani. Mama Pacha alipiga magoti kupima pindo, pini mdomoni.

"Leo huimbi," Wakili alisema. "Kuna nini?"

Mama Pacha alitema pini akamweleza yote, hata habari ya begi. Wakili aligeuka kwa ghafla.

"Simama wima, dada, nitakuchoma na pini!"

"Nichome tu, lakini vyeti usimpe mtu huyo! Ubalozini huwa wanaiuliza ofisi iliyogonga. Wakigundua mihuri ni ya uongo, maombi yenu yatakataliwa. Unaweza hata kushtakiwa. Na vyeti vyenyewe akipotea navyo, utamfuata wapi?"

Shemeji akazima simu taratibu, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza pamoja na pacha.

"Sasa nifanyeje?" Mama Pacha aliuliza.

"Sikiliza. Wale wa nchi ile hawamjui karani wetu wa usajili. Hawaijui saini yake. Kwa hiyo wizara yetu ya mambo ya nje inathibitisha saini na muhuri wa usajili. Nchi nyingine zinatosheka na hapo. Nyingine zinataka ubalozi wao nao uthibitishe muhuri wa wizara. Ndiyo maana unauliza ubalozini kwanza."

"Na plastiki? Niibandue?"

"Usithubutu! Utachana cheti. Nenda usajili, omba nakala mpya iliyothibitishwa. Kumbukumbu za watoto zipo kwenye daftari la usajili. Uliza pia kama wanataka tafsiri, na kama inafanywa kabla ya mihuri au baada. Mfasiri awe anayetambulika, si mtu yeyote anayejua lugha. Na ukipewa karatasi yoyote, isome yote kabla hujaondoka dirishani. Herufi moja ikikosewa, unarudi mwanzo."

Mama Pacha alipiga simu ubalozini siku iliyofuata. Walimjibu vizuri. Kwanza usajili, kisha wizara, kisha kwao. Tafsiri haikuhitajika.

Ofisi ya usajili ilikuwa imejaa watu. Foleni ilizunguka ukuta, feni ikilalamika juu darini. Zamu yake ilipofika, karani alitafuta kumbukumbu, akachapa nakala mbili, akagonga mihuri.

"Tayari, mama. Anayefuata!"

Mama Pacha alikuwa ameshageuka. Akakumbuka, akasimama pale pale akaanza kusoma. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Cheti cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili nacho kilikuwa sawa. Kilikuwa sawa mno!

"Mwanangu," alimwambia karani, "nilizaa pacha. Wewe umenipa mtoto mmoja mara mbili."

Karani aliweka karatasi mbili pamoja, akashika kichwa.

"Loo! Tarehe moja, wazazi wale wale. Nimechapa ya huyu mmoja tu. Nisamehe, mama. Ungefika ubalozini na vyeti hivi, mtoto mmoja angebaki."

Watu wa kwenye foleni walicheka, na yeye akacheka nao. Alipata nakala sahihi, akaisoma tena mpaka mwisho.

Wizarani aliacha vyeti akapewa stakabadhi. Alipovifuata, kila kimoja kilikuwa na muhuri mpya na saini. Ubalozini ofisa alikuwa yule yule. Alivikagua mbele na nyuma, kisha akatabasamu.

"Sasa ndiyo vyeti hivi, mama. Tunapokea."

Viza zilipotoka, alimpigia mumewe akiwa bado kwenye ngazi za ubalozi.

"Tumepata. Wote watatu."

Kikasikika chuma kikianguka.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Nilikuwa chini ya gari. Ngoja nitoke nilie vizuri."

Siku ya kufika, mume aliwasubiri mlango wa kutokea abiria, kashika makoti matatu ya baridi mkononi. Mama Pacha alimwona, akampungia mkono. Lakini pacha walijificha nyuma ya gauni lake. Mwanamume huyu alikuwa mkubwa mno.

Alichuchumaa mbele yao bila kuwagusa. Mmoja akachungulia, akanyoosha kidole akamgusa ndevu.

"Ni yeye," alimnong'oneza mwenzake. "Ni Baba wa kwenye simu."

"Wa kwenye simu amekwisha," baba alisema, akafungua mikono. "Huyu ni wa nyumbani."

Wakamrukia wote wawili, naye akaanguka chali sakafuni, makoti na watoto juu yake.