Mji wa Kuangukia

Siafu walitokeza ardhini mbele ya gurudumu. Walikuwa wa chuma, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, na walitoka kwa wingi hata mteremko mzima ukaonekana kama unachemka. Walichimba, wakabeba, wakashindilia. Palipokuwa na majani pakawa na njia, njia ikapinda kona, kona ikajengewa tuta upande wa nje, na Elisante Mrutu akapita juu yake kwa kasi, akiwa amelala ubavu na baiskeli yake. Nyuma yake siafu walikwisha kuanza kuibomoa kona ile na kuurudishia mlima majani yake.

Mkewe, Nakijwa, alitazama haya kutoka baraza ya wageni, mkono mdomoni. Yeye alikuwa mpima ardhi, na maishani mwake alikuwa ameona mashine za kila aina zikitoboa milima, lakini hizo zilichukua miezi na kuacha vidonda. Hawa siafu waliuamsha mlima kwa ajili ya mtu mmoja, kisha wakaulaza tena. Alijikuta anasema taratibu, "Mungu wangu," na hakuona haya kuwa wageni wengine walimsikia.

Miaka hiyo watu hawakuhamia mji kwa sababu ya kazi. Kazi nyingi zilifanywa na mashine, na zile zilizobaki mtu alizifanya akiwa popote pale. Watu walichagua mji kwa kile walichokipenda: waogeleaji walikwenda maziwani, wapenda muziki walijazana kwenye miji ya muziki wakinyimana usingizi, na wapanda baiskeli za milimani walitafuta miji yenye njia nzuri. Miji nayo ilijipamba kuwavuta. Kilele Kipya, uliojengwa juu kabisa ya milima ya Upare, ulikuwa umeiacha mingine mbali.

Siri yake ilikuwa kwenye usukani. Vishikio vya baiskeli za Kilele Kipya vilisoma mapigo ya moyo wa mpandaji, nguvu ya misuli yake, na namna anavyoshika mizani, kisha vikawapelekea siafu habari hizo. Siafu walimjengea njia ya kiasi chake hasa, ngumu ya kumtosha kuogopa kidogo na laini ya kumtosha asianguke. Miwani maalumu ilimwonyesha mstari wa kufuata. Tangu mji ule ufunguliwe hakuna mtu aliyewahi kuvunjika hata kidole.

Kwa Elisante jambo hilo halikuwa dogo. Alikuwa mtu wa baiskeli tangu ujanani. Hata siku alipopeleka posa kwao Nakijwa alikwenda na bandeji mkononi, na wakwe wakadhani ni mgomvi. Sasa alikuwa amepita hamsini, na sehemu ya nyuma ya ubongo wake, ile inayoshika mizani ya mwili, ilikuwa inanyauka. Madaktari wa zama hizo waliweza kuotesha figo mpya na kurudisha macho ya kipofu, lakini ugonjwa huo uliwashinda. Walimpa miaka michache ya kupanda, kisha miaka ya fimbo, kisha kiti. Elisante aliwasikiliza, akashukuru, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la ugonjwa. Nyumbani aliuita uchovu, na Nakijwa naye akauita uchovu.

Ndiyo maana walikuwa wanatafuta mji. Sheria ya makazi haikuruhusu kaya kuhamahama ovyo. Wakishachagua, hapo ndipo wangezeekea. Binti yao, Nanzia, alikuwa na maisha yake katika kituo cha utafiti mwezini. Walibaki wawili, na jambo moja la kuamua: wapi Elisante ataitumia miaka yake ya mwisho juu ya baiskeli.

Kilele Kipya uliwapa majuma ya majaribio, na Elisante akaonekana amepona. Kila siku alirudi amelowa jasho, akisimulia miteremko aliyoshuka, mapengo aliyoruka, mwamba mmoja mkali ambao hata enzi zake asingeuthubutu. Alikula kama kijana. Aliimba bafuni, jambo ambalo majirani wa zamani wangeshukuru kutolisikia tena. "Mama Nanzia," alimwambia mkewe, "naona uchovu umeniacha." Nakijwa alifurahi hata akaogopa.

Siku ya kusaini mkataba wa makazi alikwenda kumsubiri mumewe kwenye ukumbi wa kutazamia. Katikati ya ukumbi ule palikuwa na meza pana ya mchanga, na ndani ya mchanga waliishi siafu wengine, wadogo zaidi, waliouchonga mlima wote kama ulivyokuwa huko nje, saa hiyo hiyo. Kila mpandaji alikuwa mwanga mdogo uliosogea, na njia yake ilijichora na kufutika. Nakijwa aliizunguka meza kwa heshima, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Kazi yake yote ya ujana, na vipimo vyake vyote vya kubeba mabegani, ilikuwa pale inapumua.

Akatafuta mwanga wa mumewe, akaupata. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaweka kidole kwenye njia yake na kuifuata.

Kidole hakikushuka. Akajaribu tena, safari hii akiwa amefumba macho, maana kidole cha mpima ardhi kinajua mteremko. Njia ya Elisante ilizunguka uwanda mmoja uliokuwa chini ya mji, pana na laini, ikiwa na matuta yasiyozidi kimo cha goti. Mbele ya kidole chake mwanga wa mumewe ulikuwa unarukaruka kwa furaha.

Alimwita mwenyeji wao, Bi Rehemaeli, mama mpole aliyehusika na wakazi wapya. Bi Rehemaeli hakuficha kitu. Alieleza kuwa miwani inaweza kuonyesha bonde mahali pasipo na bonde, kiti cha baiskeli kinaweza kuinuka na kuinama, usukani ukatetemeka, feni ndogo za kwenye kofia zikapuliza upepo wa kasi. Mwili wa mtu husadiki haraka. Siku za mwanzo Elisante alikuwa ameshuka mlima wa kweli. Kadiri vishikio vilivyoijua hali yake, siafu walimteremsha pole pole mpaka uwandani.

"Na atakaposhindwa hata huko?" Nakijwa aliuliza.

"Tutamjengea ukumbi. Baiskeli itasimama, na yeye atashuka milima. Wako wakazi wetu wanaopanda hivyo mpaka siku ya mwisho, na wana furaha."

"Wanajua?"

Bi Rehemaeli alipangusa ukingo wa meza, ingawa hapakuwa na mchanga hapo. "Hapa mtu akiuliza, anajibiwa, dada yangu. Mumeo hajauliza."

Nakijwa hakumwambia mumewe. Angemwambiaje mtu anayeimba bafuni? Alisema tu kwamba hataki kusaini kabla hawajaona mji mwingine, na akautaja Vuambo, mji mdogo ulio mabegani mwa mlima ule ule, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Elisante alinuna, akasema ni kupoteza muda, lakini akakubali ili yaishe.

Vuambo ulikuwa mji wa zama zake kama mingine. Zahanati yake ilikuwa na roboti, magari yake yalipaa juu ya mashamba ya tangawizi, na watoto wake walisoma na walimu walio mabara mengine. Jambo moja tu walilikataa: njia zao hazikuguswa na mashine. Zilichimbwa kwa jembe, katika msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare waliitumia tangu zamani kutengeneza mifereji na barabara. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa watu. Na kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha njia, chenye jina lake, ilichokitunza vizazi na vizazi. Wenyeji walipanda na kushuka wakisema wamepita kwa Mbaga, wameruka kwa Kiangi, utadhani wanaingia sebuleni kwa watu.

Elisante aliipanda njia ya juu, ya kwanza kati ya mbili za mji ule, akiwa na baiskeli ya kawaida, isiyojua chochote juu yake. Nakijwa alimfuata kwa nyuma akisukuma ya kwake zaidi ya kuipanda. Ukungu ulifunguka na mlima ukajionyesha, nyika ya Mkomazi imetandazwa chini hadi macho yanachoka, na njia ile nyembamba, nyekundu, ikishuka kwa akili ya ajabu, mahali pa kukata kona pana kona na mahali pa kupumzika pana pumziko. Nakijwa, aliyekuwa amezitazama kazi za siafu kwa kicho, alisimama akashikwa na kicho kingine. Ilikuwa ni mikono ya watu waliokufa zamani ikimwongoza mumewe kushuka.

Kwenye kona ya tatu Elisante alianguka. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Baiskeli ilisita, mwili ukaelemea kushoto, akaserereka hadi kwenye magugu. Wapandaji wawili waliosimama walimwinua, wakamfuta damu gotini, kisha wakaulizana, "Hapa ni kwa nani?" Mmoja akajibu kuwa ni kwa Mama Namkunda.

Jioni Mama Namkunda alikuja kwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, jembe begani na sufuria ya makande mkononi. Aliwaeleza desturi yao bila kuzungusha: mtu akianguka kwenye kipande chako, unamletea chakula na unamwuliza sababu. Akisema kosa ni la njia, msaragambo unaofuata mji wote unakuja kuichimba upya huku wewe na watu wako mmekaa kando mkitazama. Aibu hiyo nyumba yake haijawahi kuipata tangu kona ile ilipochimbwa na babu yake.

"Nimepita pale mara mbili kabla ya kuja," alisema. "Sikuona kitu. Lakini neno ni lako, kaka. Umeangushwa na nini?"

"Labda jiwe," Elisante alisema.

"Jiwe gani? Nimepapasa na mikono."

"Basi utelezi."

"Hakujanyesha juma zima." Mama Namkunda aliweka sufuria mezani. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Kama kona ina kosa, sema. Usinionee huruma, nitaichimba. Ila nataka kweli, maana kesho atapita mtoto wa mtu."

Elisante alilitazama goti lake. Alimtazama yule mama aliyesimama wima na jembe lake, akingoja kuhukumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Nakijwa alitaka kumsaidia mumewe, lakini hapakuwa na namna ya kumsaidia.

"Njia haina kosa," Elisante alisema mwishowe. "Ni mimi. Ubongo wangu unanyauka huku nyuma, hauwezi tena kushika mizani. Nitaanguka hapa na kila mahali, na utafika wakati hata kutembea sitaweza. Ninaumwa, mama. Ni ugonjwa."

Hilo neno lilikuwa halijasemwa baina yao tangu siku ya madaktari. Nakijwa alilia bila kujificha, kwa uchungu na kwa kutua mzigo.

Mama Namkunda alishusha jembe, akavuta stuli, akaketi. Hakumpa pole. Alipakua makande sahani tatu, akamsogezea Elisante yake, akauliza, "Unaangukia upande gani zaidi?"

"Kushoto."

"Basi nitawaambia wenzangu walegeze udongo upande wa kushoto. Mawe tutayahamisha. Anayeshuka njia ya juu hawezi kukosa mahali laini." Alikula kidogo, akafikiri. "Na siku ukiacha baiskeli, kuna kipande kule kwenye chemchemi ambacho watu wake walihamia mwezini. Kinachimbika hata mtu akiwa amekaa. Msaragambo hatuulizi mtu anasimamaje."

Walikula wote watatu. Mama Namkunda alipoondoka, Elisante aliweka kijiko chini. Kisha akamwuliza mkewe alikuwa ameona nini kule Kilele Kipya, siku ile aliyokataa kusaini, maana tangu hapo alikuwa hamtazami usoni.

"Tambarare," Nakijwa alisema. "Ulikuwa unazunguka uwandani, Baba Nanzia. Ule mwamba haukuwepo."

Alidhani atakasirika. Elisante alifumba macho, na kwa kitambo alionekana mzee kuliko umri wake. Alikuwa ameupenda sana mwamba ule.

"Nilishuka vizuri, lakini," alisema.

"Ulishuka vizuri sana."

Akacheka kidogo, cheko lenye machozi. Aliinyoosha miguu yake chini ya meza, akaugusa upande wake wa kushoto uliochubuka, na akageuka kumtazama mkewe kama mtu anayepanga safari.

"Mama Nanzia," akasema, "kesho nikishuka ile njia ya pili, nitaanguka kwa nani?"

Nakijwa alijifuta uso kwa upande wa khanga, akatoka mbio barazani kumwuliza Mama Namkunda kabla hajafika mbali.