Shusha Tatu

"Acha, Chizuru. Huo si wimbo wako."

Mama Fusae, mwenye mgahawa, alinishika kiwiko nikiwa nimeshainuka nusu kwenye kiti. Mbele yetu Bwana Kuramochi alikuwa amesimama na maikrofoni yake, macho kwenye skrini ya karaoke. Maneno ya buluu, ya mwanamume, aliyaimba yeye. Ya waridi, ya mwanamke, yalijitokeza yakapita yakaisha, na hakuna aliyeyaimba. Wimbo wa watu wawili unaimbwa na mtu mmoja, na mimi nimekaa pale, najua kila neno, nimefunga mdomo.

"Sikuwa naenda kuimba," nikadanganya. "Nilikuwa naenda chooni."

"Choo kiko nyuma yako."

Haya, tuseme ukweli. Nilikuwa nampenda Kuramochi Eisaku, kinyozi wa pale stesheni, mwaka wa tatu huo. Nina miaka hamsini na saba, nashona marekebisho ya nguo, na mume niliyekuwa naye nilishamrudisha kwa mama yake zamani sana. Mambo ya mapenzi nilidhani nimeyafunga kabatini na nguo za baridi. Lakini kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi wa Numazu, mji wetu huu wa Japani, hufunga, alasiri nilikuwa napanda ngazi hadi juu ya duka la samaki wa kukausha, kwa Mama Fusae, kuimba nyimbo za ujana wetu pamoja na wenzangu. Nikimsikia Kuramochi anavua viatu mlangoni, roho inanidunda. Jamani, mapenzi hayana mzee.

Kikwazo kilikuwa kimoja: marehemu. Mkewe, Yoshino, alifariki miaka sita iliyopita, na sote pale tuliamini kwamba "Treni ya Kumi na Mbili Kasorobo" ulikuwa wimbo wao, na zile sehemu za waridi anamwachia yeye. Nani wa kumwingilia marehemu? Tena kwa Mama Fusae kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: huingii kwenye wimbo wa mtu bila kualikwa. Kuna bwana mmoja aliwahi kumdakia mwenzake kiitikio, na mpaka leo anakaa peke yake karibu na friji.

Kabla ya kuuimba, Kuramochi huchukua maikrofoni mbili kikapuni. Moja yake. Ya pili anailaza kwenye meza iliyo karibu na jukwaa, na meza hiyo ndiyo yangu. Mimi nilielewa mara moja kwamba ni ya Yoshino. Kwa hiyo kila Jumatatu niliichukua kwa mikono miwili nikaihamishia kwenye kiti kitupu cha pembeni, nikaitandikia leso yangu safi, marehemu apate nafasi. Nilijiona mstaarabu kweli.

Siku hiyo aliposhuka jukwaani akatangaza kwamba Jumatatu ijayo itakuwa ya mwisho. Mwanawe wa Sapporo, kule kaskazini, amemtengenezea chumba ahamie, duka la kunyolea litafungwa. Watu wakampigia makofi, wakamwambia ana bahati ya mtoto mwema. Na mimi nikapiga makofi, ya unafiki, mpaka viganja vikaniuma.

Jioni simu ikaita kwa ujumbe.

"Bi Chizuru, Jumatatu ijayo ni ya mwisho. Ukipata nafasi, njoo mapema. Kuramochi."

Niliandika majibu manne, nikayafuta yote. La tano nikalituma kabla akili haijarudi:

"Nitakuja. Sapporo kuna baridi, beba nguo za ndani nzito."

Nguo za ndani! Mwanamke mzima nimepewa nafasi ya kusema neno moja la moyoni, nikazungumzia nguo za ndani. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani.

Jumatatu ikafika, nikawahi kuliko wote. Mama Fusae alikuwa anafuta glasi, akaniomba nimwekee Bwana Kuramochi wimbo wake kwenye mashine, awe wa kwanza, heshima ya kumuaga. Nikafungua orodha ya nyimbo zilizopigwa. Ule wimbo upo, wiki baada ya wiki, na ubavuni pake kila mara pameandikwa namba ileile. Shusha tatu.

Kwetu sisi waimbaji wa mchana, kila mtu ana namba yake, kama alivyo na saizi yake ya kiatu. Mashine inapandisha au kushusha wimbo ufuate koo lako. Mimi ni shusha tatu. Sauti yangu ni nzito, nikipiga simu benki wananiita bwana.

"Mama, mashine imekosea," nikasema. "Bwana Kuramochi hashushi. Nyimbo zake nyingine zote ziko kawaida."

"Haijakosea. Anabonyeza mwenyewe. Ndiyo maana kwenye wimbo huo anaguna kama ng'ombe aliyeshiba."

"Basi itakuwa ndiyo namba ya Yoshino."

"Yoshino?" Mama Fusae akacheka. "Yule aliimba kwaya. Yule alikuwa pandisha mbili. Halafu wimbo wenyewe hakuupenda, alisema ni wa walevi. Hapa ndani shusha tatu yuko mmoja tu..."

Akaiweka glasi chini, akanitazama. Kumbe naye ndiyo kwanza inamwingia.

"Na mimi nikakushika mkono," akasema polepole.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Miaka mitatu mtu ananiachia nafasi kwa kipimo cha koo langu, nami namtandikia leso mtu asiyekuwepo. Nikakaa.

Watu wakaja, Kuramochi akaja. Amevaa suti, kidevu kinang'aa. Akatusalimu wote kwa kuinama, akaenda kikapuni, akachukua maikrofoni mbili. Moja akailaza mbele yangu, halafu akageukia skrini harakaharaka.

Sikuihamisha.

Muziki ukaanza. Akatupa jicho mezani, akaiona ipo palepale, na mstari wake wa kwanza ukampita. Maneno ya buluu yakajitokeza, yakapita, yakaisha, mwimbaji kaduwaa. Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Kisha yakaja ya waridi. Nikainuka, nikaimba. Yule bwana wa karibu na friji akaguta, nafikiri alijua kiti chake kimepata mwenzake. Mimi nikaendelea mpaka mwisho wa ubeti.

Ikafika sehemu ya magitaa tu, isiyo na maneno. Kuramochi akanisogelea, akasahau kwamba ameshika maikrofoni.

"Bi Chizuru," akasema, na sauti ikafika mpaka kwa wauza samaki chini. "Leo hukuihamisha."

"Nilidhani ni ya mkeo."

"Mke wangu ana madhabahu yake nyumbani. Namwashia ubani kila asubuhi. Maikrofoni ya nini?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mimi ni kinyozi. Miaka arobaini nimezungumza na watu habari za mvua tu. Niliona nikishusha tatu, utasikia mwenyewe."

"Miaka mitatu, Bwana Kuramochi?"

"Kila wiki unaiweka kwenye kiti, unaitandikia na leso. Nikasema moyoni, huyu mwanamke anakataa kwa adabu kweli. Mwanangu aliponiita tena, nikakubali."

Nilimwona Mama Fusae akijipangusa macho kwa kitambaa cha glasi. Magitaa yalikuwa yanaelekea mwisho, na sikutaka tena kuishia kwenye nguo za ndani.

"Nakupenda, mzee wewe," nikamwambia, kwenye maikrofoni. "Mwaka wa tatu huu. Imba, buluu inakuja."

Akaimba. Hakupatia hata mstari mmoja, machozi yalikuwa yanamuingia mdomoni. Mwishoni maneno yakageuka kijani, ya wote wawili, tukayaimba, kila mtu na mwendo wake. Mashine ikatupa alama sitini na moja kati ya mia. Hata mlevi hupata sabini.

Kuramochi akaitazama ile namba kwa muda.

"Hii ni aibu," akasema. "Jumatatu ijayo itabidi turudie."

"Jumatatu ijayo uko Sapporo."

Akatoa simu mfukoni, akampigia mwanawe palepale. "Kile chumba wape watoto wachezee," akamwambia. "Hapana, siumwi. Nina mazoezi."

Mama Fusae akatuamulia kwamba tukifika alama tisini ndipo tukajiandikishe ndoa. Nilimwambia Eisaku sina umri wa kusubiri tisini. Mwezi wa sita tukapata sabini na nne, na asubuhi yake tukaenda ofisi ya jiji tukapiga mihuri yetu kwenye hati ya ndoa.

Siku hizi tumekwama themanini na mbili. Yeye bado anaguna, na mimi nachelewa kuingia. Kile kiti kitupu nakiwekea mkoba wangu.